Binti yangu wa miaka 16 ataka kupasuliwa pua: je, yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa hapa Lamu. Binti yangu ana miaka 16 na anaichukia pua yake, asema ni bapa. Usiku hulala ameibana kwa kibanio cha nguo, na asubuhi naiona alama nyekundu. Arusini haendi tena. Shangazi yake aliyeko Uingereza amejitolea kumlipia apasuliwe Uturuki likizo ya Desemba, ili pua iwe nyembamba. Niliposita, binti akanionyesha video ya ustadh asemaye yafaa, kwa kuwa "Mwenyezi Mungu ni mzuri, anapenda uzuri", na kwamba sisi wenyewe twatoga masikio na kuvaa vipini na hakuna anayelalamika. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, swali lako limenitia simanzi, na zaidi hicho kibanio. Mtoto haichukii pua aliyozaliwa nayo mpaka afundishwe kuichukia. Nitalirudia hilo.

Hukumu ni kwamba haifai. Pua nzima, inayopumua na kunusa, haipasuliwi kwa sababu tu mwenyewe angependa nyingine.

Ama huyo ustadh, hadithi ameikata vipande. Imo katika Sahihi Muslim, kwa Abdullahi bin Mas'ud: Mtume (s.a.w.) alisema haingii Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni mwake. Mtu mmoja akauliza, je, mtu akipenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa: "Mwenyezi Mungu ni mzuri, anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu." Aliyeuliza aliuliza nguo na viatu. Vipi ikafika kwenye mfupa wa pua? Na mwisho wa hadithi, unaokataza kudharau watu, ustadh ameuacha, nao ndio unaomhusu binti huyu kuliko yote.

Tena Ibn Mas'ud huyo huyo, katika Bukhari na Muslim, ndiye aliyetupokelea laana ya wachanjao chale na wachanjwao, na wanaojitia mwanya wa meno kwa ajili ya uzuri, wanaobadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu. Tazama: "kwa ajili ya uzuri". Udhuru anaoutoa ustadh leo umo ndani ya hadithi yenyewe, na umekataliwa. Na katika Suratu An-Nisaa, aya ya 119, ni Shetani anayeapa: "nitawaamrisha, basi watabadili aliyoumba Mwenyezi Mungu."

Kuhusu kutoga, wanawake wa zama za Mtume walivaa vipuli, na siku ya Idi walivivua wakavitoa sadaka katika nguo ya Bilali. Hakuwakemea. Kutoga pua wanazuoni wamelizungumza sana, lakini hata anayeruhusu anaruhusu pambo. Kipini cha nyanya zetu kilikaa juu ya pua ile ile waliyoumbwa nayo, na kikivuliwa pua ni ile ile. Kuchonga mfupa ni jambo jingine kabisa, na mwenye elimu hapaswi kuwachanganya watu hapo.

Wako wanaosema ni tiba ya nafsi. Asmaa binti Abubakar amesimulia kuwa mwanamke alimjia Mtume akasema binti yake ni bibi arusi, ameugua na nywele zimepukutika, je, amuunganishie nyingine? Akamkataza. Yule aliugua kweli, arusi i mlangoni, na hapakuwa na kisu. Wa kwako haumwi pua.

Angeumwa, jibu lingekuwa jingine. Sahaba Arfaja alipokatwa pua vitani alijiwekea ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume akamruhusu ya dhahabu. Mdomo wa sungura, kovu la moto, kidole cha sita kinachomtaabisha mtu, hayo yanatengenezwa bila dhambi, na hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Kimataifa lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, huku likikataza upasuaji wa kubadili uso kwa kufuata matamanio. Basi mpeleke Mombasa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akikuta mfupa wa ndani umepinda na unamziba pumzi, atibiwe. Ikitokea pua ikanyooka zaidi, ni neema. Lakini ajue kuwa katika umri huu uso huenda bado unakua, na kila upasuaji una hatari ya dawa ya usingizi na ya makovu ya ndani yanayoweza kuziba hata pumzi iliyokuwa wazi.

Sasa, ni nani aliyemfundisha? Mama, nawajua watu wangu. Mtoto hajatimiza arobaini, wanawake wamekwisha kumpima: huyu ana pua ya upanga, yule, masikini, ana ya kwa babake. Twapanga nasaba kwa pua na rangi, kisha twashangaa filta za simu zikikamilisha kazi tuliyoianza. "Wala wanawake wasiwakejeli wanawake wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao" (Al-Hujurat 11). Nyumbani kwako neno hilo lisitamkwe tena, hata kwa mzaha, na anayelitamka umkanye mbele ya binti, awe ni nyanya yake.

Binti naye usimtishe kwa Moto. Keti naye, umsimulie sahaba Julaybib, ambaye sura yake watu hawakuipenda; Mtume mwenyewe alimposea mke kwa Ansari, Mwislamu wa Madina, na alipouawa shahidi alimbeba mikononi mwake akasema, "Huyu ni wangu, nami ni wake." Akiendelea kujificha na kukosa usingizi, mtafutie mshauri nasaha, ni dawa kama dawa nyingine.

Shangazi mpigie wewe, usimwachie mtoto. Mshukuru kwa mapenzi yake, umwambie pua imekataliwa, na kama pesa ameshazitenga, karo ya kidato cha nne ipo. Wallahu a'lam.