Barua kwa mwanangu: ganzi ya nyanya yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama ganzi ya miguu ya nyanya yako, kuyumba usiku na kusahausahau ni uzee tu, kama wanavyosema majirani huko Nyalenda. Tusiuite uzee kabla ya kumpima vitamini B12.

Ametumia metiformini miaka mingi. Ni dawa nzuri ya sukari, lakini inapunguza uwezo wa utumbo kufyonza B12. Omeprazoli anayomeza kwa kiungulia nayo hupunguza asidi ya tumbo inayoibandua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu hunyemelea. Mboga za managu na mrenda hazina B12. Iko kwenye omena, maini, mayai na maziwa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ila kwa nyanya yako, hata akila omena kila jioni, huenda kidogo sana ndicho kinachoingia mwilini.

B12 ikipungua, ala ya mafuta inayofunika neva huharibika, na habari za miguu hazifiki vizuri kwenye ubongo. Mchana macho humfidia. Gizani hana msaada.

Mjaribu hivi. Afumbe macho, umshike kidole gumba cha mguu ubavuni, kushoto na kulia. Ukikishika juu na chini, mbano wenyewe utamwambia jibu. Kisogeze kidogo juu au chini, umuulize kimeelekea wapi. Kisha asimame miguu pamoja, macho wazi, halafu afumbe. Simama karibu naye umdake. Akiyumba sana baada ya kufumba tu, miguu haimpi ubongo habari za kutosha.

Hilo halithibitishi B12, kwani kisukari chenyewe huharibu neva. Mwombeni daktari apime B12, hesabu kamili ya chembe za damu, sukari na homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni), ambayo ikipungua huleta usahaulifu pia. Mkiambiwa damu haijapungua, msiridhike: neva huweza kuumia hata hemoglobini, kile kipimo cha upungufu wa damu, ikiwa sawa. Asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kutengeneza damu, ikitumiwa peke yake pia ni mtego, hurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika.

Upungufu ukithibitika na neva zimeguswa, kwa kawaida huanzwa na sindano za mikrogramu 1,000, ratiba apange daktari. Vidonge vya kiasi hicho kila siku navyo hufaa wengi baadaye, kwa sababu karibu asilimia 1 hupenya bila kutegemea njia ya kawaida. Ganzi huchukua miezi kupungua, na iliyokaa sana huenda isiishe yote.

Zile "dawa za mishipa" zinazouzwa stendi, hapana. Nyingine zimejaa vitamini B6, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi yenyewe.

Metiformini asiiache kwa hiari yake. Bebeni pakiti zote za dawa, na damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza, maana baada yake kipimo cha B12 hakisemi ukweli.

Mama yako