Unataka Kuwa Mshauri wa Biashara? Nisikilize Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa benki hapa mjini Mwanza alinitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka, nimechoka kukaa kaunta. Nataka kuingia kwenye konsaltansi kama wewe. Naona picha zako, unakula maisha Capri Point." Nilicheka peke yangu. Capri Point, ule mtaa wa matajiri kando ya ziwa, nilikuwa nimemfuata mtu ninayemdai. Mlinzi akaniacha getini saa nzima, nami kwa kukosa la kufanya nikapiga picha na ziwa.

Lakini mnaouliza ni wengi, kwa hiyo leo nawajibu wote.

Nilianzia Dar, kwenye moja ya zile kampuni kubwa za kimataifa ambazo kila mhitimu wa uhasibu huzitamani. Jina naliacha. Kazi nilijifunza, hilo sikatai. Mwezi huu uko na wakurugenzi wa benki, mwezi ujao uko mgodini Geita, baadaye unahesabu mifuko kwenye ghala la saruji. Mwenzako aliyeajiriwa sehemu moja anaweza kustaafu bila kuona vitabu vya kampuni tatu. Utamu wa kazi hii uko hapo. Mshahara nao ni mzuri kwenye karatasi, ila ukiugawa kwa saa unazokesha, bodaboda wa Igoma anaweza kukuzidi.

Kuna pia ule utaratibu wa kupanda cheo au kuondoka, ambao McKinsey, kampuni ya ushauri iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, iliupa umaarufu duniani. Nasi kule Posta, Dar, tulikuwa nao. Niliandika ripoti moja mimi mwenyewe, kuanzia mahojiano hadi jedwali la mwisho. Siku ya kuiwasilisha, bosi akasimama mbele kwa suti, jina langu halimo hata ukurasa wa nyuma, na mimi nimekaa pembeni nambonyezea slaidi. Mwaka uliofuata nikaambiwa "sijaonekana". Ningeonekana vipi wakati nimefichwa? Nimesamehe, lakini kusahau bado.

Nikarudi nyumbani Mwanza, nikajisajili, nikaanza kutafuta wateja. Mmoja wa mwanzo alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Samaki wanaingia, makontena yanatoka, faida haionekani. Yeye alikuwa na hakika kabisa kwamba anayemuumiza ni bei ya Ulaya. Nikaomba nikae mapokezi alfajiri. Gari la barafu linashusha, dada wa mzani anaandika kilo kwenye kauntabuku lililolowa hadi kurasa zimegandana. Kila sangara ana bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, na mabondo yakikauka soko lake ni China, kwa bei ambayo minofu haiisogelei. Nikamuuliza dada yanapimwa wapi. Akajibu bila kuinua kichwa: "Kaka, minofu tunapima hapa. Mapanki wanapima pale. Mabondo yanapimwa kesho." (Mapanki ni vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa.)

Kesho! Usiku kucha ndoo ziko kwenye chumba ambacho funguo zake wanazo watu watatu, na mmoja wao ni shemeji wa tajiri.

Yule dada alilijua jambo hilo miaka yote. Hakuna aliyemuuliza, na angelisema angefukuzwa. Mimi nililisema nikiwa nimevaa tai, na nikaandika ankara. Biashara yetu ndiyo hiyo, mdogo wangu. Akili zipo kiwandani tayari. Mshauri analipwa kwa sababu anaweza kulisema jambo mbele ya tajiri kisha akaondoka na gari lake. Dada sikumtaja popote. Mabondo siku hizi yanapimwa papo hapo. Nusu ya pili ya ada yangu ndiyo ile niliyoifuata Capri Point, maana anayesaini malipo ni shemeji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: chukua malipo ya awali. Wa pili: hadidu za rejea, yaani kazi mliyokubaliana uifanye, ziwe kwenye maandishi, na zitaje tarehe za malipo. Wa tatu ni kama wa kwanza: chukua malipo ya awali. Wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile ambayo mteja huikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, dai cheti chake siku hiyo hiyo. Hiyo ni kodi yako imeshalipwa, na TRA hawapokei maneno matupu.

Na punguzeni slaidi. Vijana mnatoka chuoni na lile jedwali la kampuni ya Boston Consulting Group la mwaka 1970, linalopanga biashara kwa majina kama ng'ombe wa kukamua na mbwa, mnaenda kulitandaza mbele ya wazee wa ushirika wa pamba Misungwi. Nililiona likifanyika. Mzee mmoja akamwuliza kijana: "Mwanangu, huyo ng'ombe mnamkamua tu, nani anamlisha?" Kikao kikaishia hapo. Msukuma humfundishi ng'ombe. Msalimie, kaa, muulize mwenye mzani, muulize mlinzi, muulize mama anayepika chai. Majibu wanayo, na wengi wanasubiri tu mtu asiye bosi wao.

Safari zitakuchosha, ingawa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 walau foleni ya kivuko imetuondokea. Ya familia sitayasema hapa, mke wangu anasoma.

Mtu asiyeweza kunyamaza na siri ya mteja akiwa baa Kirumba abaki benki. Anayetaka kupigiwa makofi naye abaki benki, kwa sababu kazi ikifanikiwa tajiri atasema aliliona mwenyewe. Na wewe uliyeniandikia, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, soma mkataba wa mkopo wako wa mfanyakazi. Riba nafuu mara nyingi inaisha siku unayorudisha kitambulisho, na mteja wako wa kwanza hatakuwa amelipa bado.