Mama mkwe hapati usingizi, na hataki kuitwa mgonjwa
Pole, dada. Unasema mama mkwe wako, Mgujarati aliyefukuzwa Kampala na Amin mwaka 1972, yuko Leicester, Uingereza, usiku halali, kifua kinambana, na ukimtajia mshauri nasaha anauliza watu wa hekaluni watasemaje. Usibishane naye. Anzia hapohapo kwenye kifua: mpeleke kwa daktari wake, moyo upimwe kwanza. Ombeni na mkalimani wa Kigujarati, NHS, huduma ya afya ya taifa huko, hailipishi. Tafadhali mkalimani asiwe mumeo! Mama gani atamsimulia mwanawe alivyopekuliwa na askari njiani kwenda Entebbe? Tiba ya mazungumzo anaweza kujiandikisha mwenyewe bila barua ya daktari, mradi amekubali. Akianza kusema hana haja ya kuishi, msingoje miadi: pigeni 111, mchague afya ya akili.