FUNDI ANAJIBU: Wati 12,000 na maneno bado hayasikiki

*Shikamoo fundi. Nipo Mwanga, Kigoma. Nina TV ya inchi 43, sebule ni futi 12 kwa 14, chini saruji, juu bati bila dari. Mama watoto analalamika kwamba kwenye tamthilia haelewi watu wanasema nini. Tukiongeza sauti, muziki ukiingia tu watoto wanaamka. Nina laki sita mkononi. Dukani nimeonyeshwa sabufa yenye spika tano, boksi limeandikwa 12,000W PMPO. Kuna jamaa pia anauza homu thieta iliyotumika, imetoka Japani, yeye anasema ni wati 300 tu. Ya dukani si ndiyo yenye nguvu?*
*Baba Mapacha, Mwanga*

Marahaba, Baba Mapacha. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji aigeuze hiyo sabufa uone mgongo wake. Karibu na waya wa umeme pana kibandiko chenye maandishi ya kukodolea macho: 230V, 50Hz, halafu wati. Niliyoifungua juzi mezani kwangu ilijitangaza elfu kumi kwa mbele, nyuma 60W. Spika haziwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile mashine inayokula ukutani. Ingekuwa kweli inakula wati 12,000, ingevuta ampea zaidi ya 50, na soketi yako ya ampea 13 ingeungua kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Hiyo PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati ambazo mashine hutoa mfululizo. Kwa sebule yako, wati 100 za RMS zilizo za kweli zitawatosha ninyi na jirani.

Ila ugonjwa wa mama watoto si wa wati. Filamu na tamthilia zilizorekodiwa kwa 5.1 hugawa sauti mafungu sita: mbele kushoto, mbele kulia, kati, nyuma mbili, na besi peke yake. Maneno ya watu karibu yote hupita spika ya kati. Sasa sabufa nyingi za dukani zina spika tano kwa macho tu. Ukiziunga kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe, au kwa bluetooth, zinapokea mafungu mawili, zinayarudufu kwenye spika zote, na mtu anayeongea anazama ndani ya ngoma. Muulize muuzaji swali moja: ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC (linalopokea sauti kutoka TV), au tundu la optiko (linalopitisha sauti kwa mwanga)? Akibabaika, mshukuru uondoke.

Ukipata yenye ARC, waya mmoja wa HDMI unatosha. Upande wa TV chomeka kwenye tundu lenye herufi hizo hizo, si lolote lililo wazi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV na usiiache kwenye PCM, maana kwa njia ya ARC, PCM hubeba mafungu mawili tu. Weka bitstream, inayopeleka sauti ikiwa bado imefungashwa, na mafungu yote sita yakafika. Nimeshaitwa nyumba nyingi kwa kosa hili moja, nikabonyeza rimoti mara nne nikapewa chai. Hela ya ufundi naona aibu kuidai.

Kuhusu ile ya Japani, hapo nina kovu. Zamani nilinunua amplifaya ya Kijapani Dar, nikapanda nayo treni, kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili nimeipakata kama mwana mchanga, hata Tabora watu waliposhuka kununua chakula mimi sikuinuka. Nimefika nyumbani, nikachomeka. Haikumaliza dakika. Ulitoka moshi mwembamba wenye harufu ya vanishi, na mke wangu akauliza kama hiyo ndiyo sauti yenyewe. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Kwa hiyo soma mgongo wake pia. Ikiandikwa 100V, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zinazoliwa na mashine, na bei yake uitoe humo humo kwenye laki sita. Kama hesabu inakubali na ina optiko, mimi ningechukua hiyo. Wati 300 zake huenda ni za kweli.

Spika ya kati iweke chini ya TV, ukingoni mwa meza, uso wake umeinuliwa kidogo kuelekea masikioni. Usiifungie ndani ya kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi. Za nyuma ziwe ubavuni mwa kochi, zimerudi nyuma kidogo. Sabufa yenyewe, yaani lile boksi la besi, usiitupe kona kwa sababu tu pana nafasi, kona huvimbisha besi. Iweke kwa muda juu ya kochi pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi, halafu wewe utambae sakafuni ukisikiliza. Pale besi inapokuwa safi bila kuvuma, hapo ndipo pa sabufa. Fanya wageni wakiwa hawapo.

Na hiyo saruji yako: simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unarudi *trrr*, maneno nayo yanarudi hivyo hivyo. Zulia au mikeka miwili mbele ya kochi, pazia zito dirishani, utashangaa. Kwa ajili ya mapacha, tafuta kwenye rimoti hali ya usiku. Hushusha milipuko na kuinua minong'ono.

*Fundi, radi ilipiga Ujiji usiku, TV tulikuwa tumeizima kabisa na kuichomoa ukutani. Asubuhi inawaka lakini tundu la HDMI la king'amuzi halifanyi kazi, na king'amuzi chenyewe kimekufa. Imekuwaje?*
*Mama Asha, Ujiji*

Pole sana, mama. Mlifunga mlango mkaacha dirisha. King'amuzi kilibaki na waya wa dishi, na dishi liko juu ya paa. Radi ikipiga hata jirani, umeme wake hushuka kwa waya ule, huingia kwenye king'amuzi na kuvuka kwa HDMI hadi kwenye TV. Tumia tundu la pili la TV, huenda limepona. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwa, fungua na ule waya wa dishi, uuweke mbali na vyombo. TV gadi ya dukani husaidia umeme ukirudi kwa kishindo, lakini mbele ya radi isikutie moyo.

*Nataka kuboresha kibanda umiza changu hapa Buzebazeba. Ninunue projekta au TV ya inchi 55?*
*Kijana wa Mpira*

TV. Mechi za Uingereza za Jumamosi nyingi huanza saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwetu, na unajua jua la Kigoma huzama zaidi ya nusu saa nyuma ya la Dar. Bati lako lina matundu ya misumari, na kila tundu litaweka jua lake kwenye ukuta wa projekta. Mteja aliyelipa atakuuliza mpira ni upi kati ya hivyo vidoa.