Betri za taa za dagaa: anza na pasi, seli zitafuata

Kijana akinifuata akitaka kujifunza kutengeneza betri za taa za dagaa, zile wavuvi wanazowasha usiku majini kuvuta dagaa, namuuliza kwanza ana pasi gani ya kusoldia. Mara nyingi anatoa ile nyembamba ya wati 30, ncha imechongoka kama sindano, na anaeleza kwamba ameichagua makusudi ili moto usiwe mkali ukaunguza seli, yaani vile vibetri vidogo vinavyoungwa kuwa betri moja. Hapo ndipo kazi inapoharibika kabla haijaanza. Kitako cha seli ni chuma, na chuma hunyonya joto. Pasi dhaifu ukiigusisha pale, ncha inapoa papo hapo, solda inagoma kuyeyuka, nawe unazidi kukandamiza huku sekunde zinakwenda. Ikija kushika, joto limeshazama ndani. Na humo ndani kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi, ambao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Solda ya 60/40 (bati 60, risasi 40) tunayotumia wengi inaanza kuyeyuka nyuzi 183. Piga hesabu mwenyewe.

Nunua pasi ya wati 60 kwenda juu, yenye kurekebisha joto, na uiwekee ncha bapa ya milimita 4 au 5. Iweke kati ya nyuzi 350 na 380. Pasi yenye nguvu inagusa, inayeyusha, inaondoka, hata sekunde mbili hazifiki. Ncha ipakaze solda mbichi kila unapozima, la sivyo itaota kutu nyeusi na baada ya hapo haishiki kitu. Ule moshi unaokuwasha macho unatoka kwenye fluksi, ile dawa ya kusaidia solda kushika, kwa hiyo fungua dirisha. Risasi yenyewe inabaki vidoleni, kwa hiyo nawa kabla ya kugusa ugali.

Hata hivyo, pasi nzuri siyo ruhusa ya kusolda juu ya seli. Mimi waya nausoldia kwenye ukanda wa nikeli ukiwa peke yake mezani, mbali na seli. Ukishapoa ndipo naubandika kwa mashine ya spoti, inayopitisha umeme mwingi kwa nukta ya sekunde na kuacha joto juu juu tu. Kabla hujaanza betri ya mteja, jaribu kwenye seli mbovu iliyokwisha chaji: bandika, kisha vuta ukanda kwa koleo. Spoti iliyoshika inauchana ukanda, na vipande vya nikeli vinabaki vimeng'ang'ania kwenye seli. Ukanda ukibanduka mzima mzima, ongeza nguvu. Na ukanda wenyewe uukague, maana mwingine ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukwaruze kwa msasa, uutumbukize kwenye maji ya chumvi ulale humo. Ukiamka ukakuta kutu, huo haufai kwa betri ya kwenda majini.

Sasa seli. Najua seli za laptop kuukuu zinavutia kwa bei. Kwa tochi ya nyumbani, sawa, ukizipima moja moja na kuzitupa zote zilizoshuka chini ya volti 2. Kwa mtumbwi sizitaki, na mteja aking'ang'ania namwambia atafute fundi mwingine. Kwanza, zikipata hitilafu zinawaka vibaya, na katikati ya ziwa huna pa kukimbilia. Pili, volti zake haziendani na taa za volti 12. Ukipanga tatu mfululizo unaanza na 12.6 na kushuka mpaka 9 na kitu, kwa hiyo taa inafifia alfajiri. Ukipanga nne zinafika 16.8 zikijaa, na taa nyingi za LED za bei nafuu haziwezi kuhimili hizo.

Seli za lithiamu fosfeti (LFP) zinamaliza ugomvi huo. Kila moja ni volti 3.2, nne mfululizo ni 12.8, na volti hizo hazitikisiki mpaka karibu na mwisho wa chaji. Zinavumilia joto kuliko zile za laptop na ni ngumu zaidi kulipuka moto, ingawa nazo ukizipiga shoti zitakuunguza. Mimi napenda zile nene za saizi ya 32700, za Ah 6 (ampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa). Nyingine zinakuja na skrubu kichwani, na hizo hata spoti hazihitaji. Nenda dukani na mzani mdogo: seli halisi ya saizi hiyo ina gramu 140 hivi, na nyepesi mno ni ya kurudisha. Vivyo hivyo ukiona 18650, saizi ndogo kama zile za laptop, imeandikwa mAh 9900 (yaani Ah 9.9), cheka uondoke. Nzuri za aina hiyo zinacheza kwenye 3500.

Hesabu ya usiku mmoja ni rahisi. Taa ya wati 10 kwa saa 10 inakula Wh 100 (wati mara saa). Seli nane, nne mfululizo na mbili sambamba, zinakupa volti 12.8 kwa Ah 12, yaani Wh 153. Hata ukitumia asilimia 80 tu, zinabaki za akiba kama nyavu zimechelewa. Taa mbili, seli 16.

Kwenye kuunga bodi ya BMS, ile inayolinda seli zisijae wala kuisha kupita kiasi, usiwe na haraka. Waya mwembamba wa kwanza unakwenda hasi ya chini kabisa, unaofuata kati ya kundi la kwanza (seli zilizoungwa sambamba) na la pili, hivyo hivyo mpaka juu. Plagi ya bodi ikiwa bado nje, ipime kwa mita kutoka hasi: isome takriban 3.2, 6.4, 9.6, 12.8. Namba zikiruka mpangilio, usiichomeke. Jambo lingine ambalo halionekani kwa macho: gamba lote la seli ni hasi, mpaka ule ukingo unaozunguka chanya kichwani. Kinachotenganisha ni nailoni nyembamba, na ukanda wa nikeli ukiikata, shoti imepatikana. Weka pete ya karatasi ngumu kwenye kila kichwa cha chanya, na fyuzi kwenye waya mkuu.

Kuhusu boksi sina mengi. Plastiki ngumu yenye mpira kwenye mfuniko, waya zitokee upande wa chini, seli zibanwe zisicheze mawimbi yakipiga.

Wavuvi wa huku Mwanza hawaendi dagaa mwezi ukipevuka, kwa sababu mbalamwezi inashindana na taa. Hizo siku ndizo zilizoua betri nyingi za asidi, maana mtu alirudi nayo imekwisha, akaiacha kona ya banda mpaka giza lijalo. LFP inavumilia kulala, ila usiilaze tupu. Iache na nusu ya chaji, waya wa taa umechomolewa. Kabla ya kurudi ziwani ijaze kwa chaja ya LFP inayoishia volti 14.6, uiache kwa muda ipumue, kisha pima kila kundi. Pima ikiwa imejaa, kwa sababu katikati ya chaji makundi yote husoma karibu sawa hata kama moja limechoka. Kundi moja likiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya volti 0.1, fungua boksi uvute kanda za kundi hilo kwa koleo kabla hujailaumu seli.