Kukata kasha ili rejeta ikae

Ndugu, umeuliza kama paa la kasha la kompyuta linaweza kukatwa ili rejeta ya milimita 240, yaani kifaa kinachopoza maji yanayozunguka kupoza kompyuta, ikae. Linakatika, ila pima nafasi kwanza: rejeta nene milimita 27 pamoja na feni za 25 ni milimita 52, na chini yake kuna vijiti vya memori ambavyo hazifai kuvigusa.

Toa kila kifaa nje kabla ya kukata, tafadhali. Chembe moja ya chuma ikinasa kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) inaweza kuleta shoti. Bandika tepu ya karatasi juu ya bati, uchore hapo. Matundu ya skrubu za feni ya 120 huachana milimita 105. Kingo zipige tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha uzivishe mpira.

Ukijaza maji, washa pampu ya maji peke yake, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na tishu zikiwa chini ya kila kiungio ili uone kama kunavuja.