Kufundisha kwaya ya vijana kama kazi, ngoja nimjibu dogo

Dogo umeuliza, umemaliza form six, unapenda kufundisha kwaya za vijana, je mtu anaweza kuishi kwa hiyo kazi na aanzie wapi. Mimi nimefundisha kwaya za vijana parokiani hapa Dar na za shule pia, nakujibu bila kukupamba.

Hela ya kanisani usiitegemee. Parokia nyingi haziajiri mwalimu wa kwaya, unapewa nauli, ukibahatika kaposho, na kakichelewa huna pa kulalamika maana utaambiwa unamtumikia Mungu. Hela iko pembeni: misa za ndoa (dai advansi mapema, harusi ikishapita kamati nzima haipokei simu), shule za private, watoto wa watu wanaotaka kujua kinanda, na kwaya zinazoingia studio zikakuita uwapange sauti. Kwa hiyo kinanda lazima ujue, mwalimu asiyepiga kinanda anagawana kila hela na mtu mwingine.

Sasa kitu ambacho hawakuambii, kwaya ya vijana haikai. Una wanaume wawili wa uhakika wa sauti ya tena (sauti ya juu ya kiume), ikifika Julai mmoja kapangiwa advance Tabora, Oktoba mwenzake kaenda chuo Dodoma, yule dada aliyekuwa anabeba soprano (sauti ya juu ya kike) kaolewa kahamia parokia nyingine. Walimu wengi wanakaririsha, wanaimba wao vijana wanafuatisha, Pasaka inatoka vizuri sana halafu mwaka unaofuata wanaanza moja na watu wapya. Mimi nafundisha noti, hii solfa (kuimba kwa majina ya noti: do re mi fa so la ti) ambayo mchungaji Mwingereza John Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19 na wamisionari wakatuletea, mwanzo wa kila zoezi hakuna wimbo ni solfa tu. Naandika ubaoni Do ni G (yaani do inakaa kwenye noti ya G ya kinanda), d m s m d (do mi so mi do), wanaimba safi, nafuta m ya pili naweka f (fa), hapo ndo utawajua. Fa wanaiimba juu kidogo ya inapotakiwa karibu wote, na ti wanaiimba chini kidogo, kwa hiyo nawashikisha fa wakae nayo huku bezi (wanaume wa sauti nene) wanashikilia do chini, wasikie wenyewe inavyokwaruza wakipanda. Maneno ya wimbo siwapi mpaka sauti zote nne (soprano, alto ambayo ni ya chini ya kike, tena na bezi) zimekaa kwa solfa. Watalalamika wiki za mwanzo, we kaza, mbeleni unagawa karatasi ya wimbo mpya na wanausoma wakati wewe bado unahangaika na waya wa kinanda.

Halafu wavulana wa miaka 13, 14 hivi. Sauti inavunjika, leo anaimba alto kesho inakatika katikati ya mstari, wasichana wanacheka, wiki ijayo humuoni tena. Usimfukuze na usimrushe moja kwa moja bezi, noti za chini hana bado. Mwandikie kasauti kake ka katikati, noti tano sita zinatosha, akizikosa aache apumzike. Baada ya miezi kadhaa inatulia mwenyewe, na hao ndo wanaokuja kuwa tena na bezi wako, ukiwapoteza hapo utakuwa unaazima wanaume kwaya ya wazee kila Krismasi.

Zoezi liishe kabla giza halijaingia na namba za wazazi uwe nazo, hasa wa mabinti. Mzazi akikosa imani na wewe mara moja, ujue mtaa mzima umepoteza imani na wewe.

Kusoma, degree ya muziki ipo UDSM (Chuo Kikuu cha Dar) na chuo cha Makumira kule Arusha, Bagamoyo TaSUBa (taasisi ya sanaa na utamaduni) wana ngazi za chini kama pointi hazijatosha. Ukiweza changanya na ualimu, maana shule ndo zinalipa mshahara wa kueleweka. Kenya wenzetu wana mashindano ya muziki ya shule tangu 1927, msimu ukifika shule zinatafuta watu wa kuzinoa kwaya zao, huku kwetu lazima ubishe hodi mwenyewe kwa mkuu wa shule.

Kinanda cha kuanzia tafuta used Kariakoo, funguo 61 zinatosha, ila kijaribu funguo moja moja kabla hujatoa hela. Njoo PM nikutumie noti rahisi za sauti nne uanze nazo.